Umeme Mtulivu kwa Obokano ya Tata

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeifunga obokano ya Tata kinasa sauti. Ni zeze kubwa la nyuzi nane, na tangu kiharusi kilipompiga Machi, vidole vya babangu havina nguvu ya kuzivuta. Sauti inatoka kama kunong'ona. Juzi aliniambia niipeleke jikoni ikawe kuni. Mimi ni fundi wa redio hapa Nyakoe — nitakosaje namna?

Nimewasha amplifaya kwa chaja ya simu. Nyuki! Mzinga mzima ndani ya hedifoni. Obokano haisikiki hata kidogo.

Jumatano, 5 Novemba

Chaja inakatakata umeme haraka sana, ndiyo maana ina kelele. Kwa simu sawa. Kwa sauti ndogo namna hii, hapana. Nimejenga pawa yangu mwenyewe: transfoma ya redio kuukuu, kapasita mbili nene za kutuliza umeme, na regyuleta ya kusawazisha volti. Nyuki wamekwisha. Umebaki mvumo mmoja mzito, mmmm, haukatiki.

Tata akavaa hedifoni, akasikiliza kwa makini, akasema hicho ni kinu cha jirani yetu Osoro kinasaga mahindi. Tumecheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini. Miezi minane Tata hajacheka hivyo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeongeza kapasita. Mvumo uko palepale. Nimekula ndizi baridi nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeupata. Sio kapasita. Transfoma ilikuwa imekaa ubavuni mwa waya wa kinasa sauti, inaurushia mvumo wake. Nimeihamishia kwenye kisanduku chake, mbali, mwisho wa waya mrefu. Nyaya zote za ardhi nazo nimezikutanisha mahali pamoja tu.

Nikawasha. Kimya. Nilidhani imeungua. Nikagusa uzi mmoja kwa kucha — ukalia, safi, peke yake. Nimekaa sakafuni nikicheka kama mwehu. Kesho Sabato, haiguswi. Nitangojaje?

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Stima zimepotea tangu asubuhi.

Jumatatu, 10 Novemba

Stima zimerudi! Nimemvalisha Tata hedifoni. Akagusa uzi mmoja kama anayejaribu joto la chai. Akainua kichwa, akauliza nani anapiga.

"Ni wewe, Tata."

Akavitazama vidole vyake muda mrefu. Akapiga tena. Nikaunganisha spika ili nasi tusikie.

Sasa anapiga wimbo nisioujua. Mama ametoka shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni, amesimama mlangoni. Nimemuuliza ni wimbo gani. Amesema Tata alimpigia huo kabla hajapeleka ng'ombe wa mahari kwao.

Na anaitikia! Mama, ambaye sijawahi kumsikia akiimba nje ya nyimbo za kanisa. Gari la kukusanya majani ya chai limefika kituoni, linapiga honi. Nimemkumbusha. Amesema liende. Tata amekosea uzi, amerudi nyuma, Mama anamngoja, kikapu bado mgongoni — ubeti wa tatu —