Rufaa ya Mpangaji

Machi 3

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Unakula? Usiniandikie "nakula, mama" ili kuninyamazisha tu. Niambie unakula nini. Mimi ni mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linanisema kila nikipanda ngazi. Sare za shule zimeanza kumiminika. Sebule nzima ni kola, hata juu ya televisheni kuna kola.

Haya, tuingie kwenye kesi. Nadhani na wewe Ijumaa uliiona. Wamerudia kwenye televisheni ile ya mjane na mpangaji! Mara ya mwisho tuliitazama ukiwa bado unavaa kaptura. Kama umesahau: shemeji yake mjane, yule mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa hataki mjane aolewe tena, anakutwa amekufa ofisini kwake. Mlango umefungwa kwa ndani na ufunguo uko kwenye kitasa. Bwana Kikohozi, mpelelezi wetu, anazunguka nyumba nzima, anakohoa kama kawaida yake, halafu anamnyooshea kidole mpangaji, yule mwalimu wa piano anayempenda mjane. Eti aliugeuza ufunguo akiwa nje kwa koleo jembamba.

Mwanangu, nakata rufaa. Bwana Kikohozi nampenda, lakini hapa amemwonea mtu. Mwanamume anayempenda mwanamke kwa adabu namna ile, anakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuomba kazi, hawezi kuua hata mende.

Sheria unaijua. Wauaji wote tumeshawajua kwa sura, kwa hiyo mmoja anakata rufaa na mwingine anamtetea Bwana Kikohozi. Na usinipigie simu kwa jambo hili. Kwenye simu huwa unanikatiza.

Mimi mama yako


Machi 11

Shikamoo mama,

Mimi mzima kabisa. Asubuhi nakula mkate na mayai mawili, jioni nakula alichobakiza mpishi wa hoteli, na huwa anabakiza vizuri. Habari kubwa ni kwamba wamenitoa kwenye shuka, sasa napiga pasi mashati ya wageni. Mvuke ni uleule, ila heshima imeongezeka. Pole na goti. Shusha kiti kidogo, nimekuambia tangu zamani.

Rufaa yako naipinga. Mpangaji ameua, na ushahidi uko kwenye shati. Siku ya mauaji mikono ya shati lake imepigwa pasi safi, lakini kola imejikunja. Mama, hakuna mtu duniani anayepiga pasi mikono akaacha kola. Tunaanza na kola! Labda awe ameifua mikono ya shati peke yake, kwa sababu ilikuwa na doa. Hapo Bwana Kikohozi hakuhitaji hata kukohoa.

Halafu tabia yake. Hajamaliza wiki ndani ya nyumba ile, tayari anakalia kiti cha marehemu mume wa mjane. Mtu anayeingia nyumba ya marehemu na kujinafasi kwenye kiti chake, mimi simwamini, hata apige piano kwa vidole vya miguu.

Mwanao


Machi 20

Mwanangu mpendwa,

Natumaini hujaungua vidole kwa hayo mashati ya wakubwa. Hongera sana. Nimewatangazia wateja wote, hata waliokuja kuongeza upindo tu. Mimi sijambo, na kiti nimeshusha.

Sasa nisikilize. Mpangaji ni kapera, tena mwalimu wa piano. Watu wanamtazama nini anapopiga piano? Mikono! Kapera hupiga pasi kinachoonekana, basi. Kola aliifunika kwa tai. Hapo nimekumaliza.

Na koleo ndilo limenichekesha zaidi. Kitasa kile cha zamani kina kizuizi katikati. Ufunguo ukiingia upande mmoja hautokezi upande wa pili, kwa hiyo koleo lingeshika nini, hewa? Hata tuseme ulitokeza, chuma kikibana chuma huacha mikwaruzo kwenye ncha. Ule ufunguo walipoushika karibu na taa ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani. Maneno ya daktari pale alipokuwa akimkagua marehemu sikuyapata vizuri, kicheko kilinizidi. Lakini sidhani kama yanabadilisha kitu.

Kuhusu kiti, kiti ni cha kukaliwa. Ungetaka abaki amesimama mpaka lini?

Mlango wetu wa mbele siku hizi unafunguka kwa kidole kimoja. Ukija utashangaa.

Mimi mama yako


Machi 29

Shikamoo mama,

Mimi mzima, mashati pia. Leo sijibu rufaa. Leo mimi ndiye Bwana Kikohozi, na nimeshakohoa, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwanza, kitasa. Mama, wewe unajua pindo, kola na vifungo. Mlango wa chumbani ulikuwa haufungiki tangu nikiwa mdogo, na dawa yako ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Leo unaniambia habari za kizuizi na mikwaruzo ya ncha. Hayo hukuyasoma kwenye kitabu cha mitindo.

Pili, kicheko. Nimeirudia kichwani sehemu ya daktari. Daktari ameinama juu ya maiti, mjane analia. Hakuna cha kuchekesha hapo. Mtu hucheka wakati kama huo akiwa na mwenzake kando anayetia maneno.

Tatu, mlango wa mbele. Haukujitengeneza.

Nne, na hapa ndipo nilipokukamata: bahasha. Kuna alama ya dole gumba karibu na stempu. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayana rangi, nimekua nikiyafua kwenye nguo zangu. Hili doa ni jeusi, lina unga kama wa risasi ya penseli. Dole lenyewe ni pana mara mbili ya lako. Nimemwonyesha mzee wetu wa kutoa madoa hapa kazini, akasema bila kufikiri: huyo ni fundi wa vitasa.

Kwa hiyo kuna fundi wa vitasa. Anakupelekea barua zako posta, anatengeneza milango yetu, na Ijumaa anatazama Bwana Kikohozi na wewe.

Mama, nimeyaandika haya nikijisifu, natabasamu peke yangu kama hamnazo. Nimefika hapa tabasamu limeniisha. Ni nani? Na anakaa kiti gani?

Kama ni lile ninalolidhani, niseme mapema. Baba alinitosha yule mmoja.

Mwanao


Aprili 6

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi nina afya, ingawa barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na nikamaliza nikiwa nimekaa.

Umenikamata. Hata sikasiriki, maana mimi ndiye niliyekufundisha.

Ufunguo ulinikatikia mlangoni siku ambayo sare za shule nzima zilikuwa zinasubiriwa. Nikamwita fundi. Akatoa kipande kwa sindano yangu mwenyewe, akafunga mkoba wake wa vifaa. Ilikuwa Ijumaa na televisheni ilikuwa inaongea. Akasimama palepale mlangoni, mkoba mkononi, mpaka mwisho. Bwana Kikohozi alipomtaja muuaji, fundi akasema, "Hapana, huyu wamemwonea." Mwanangu, tangu ulipoondoka sikuwahi kusikia mtu mwingine akikata rufaa. Nikamwambia wiki ijayo aje mapema, asisimame.

Amefiwa na mke, hana mtoto. Ni mpole, ana mikono michafu na maneno masafi. Ananichekesha mpaka mbavu zinauma. Kiti cha baba yako hakalii. Alikuja na kigoda chake, na niliposema akikalie kile akasema bado.

Ameniomba tuoane. Nimemwambia sitajibu mpaka wewe ujue na moyo wako ukubali. Si kwamba naomba ruhusa, nimekuzaa mimi. Ila sitaki kuwa na nyumba ambayo mwanangu ataingia akibisha hodi kama mgeni. Ukisema hapana itakuwa hapana, na sitakulaumu.

Baba yako nilimpenda, na wala sijaacha. Lakini nimechoka kucheka peke yangu.

Nijibu, hata kama ni kwa hasira.

Mimi mama yako


Mei 11

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Nilimpigia msimamizi wako wa kazi, akasema hujambo na unafika kazini kila siku. Nikashukuru. Simu zangu huzipokei, na barua haiji. Kutojibu nako ni jibu, nimelielewa.

Fundi nimemwambia asije tena. Alitia mafuta bawaba za mlango wa jikoni, maana aliahidi, akachukua kigoda chake akaenda. Nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Ijumaa waliweka ile ya mwizi wa vinanda. Nikaizima katikati. Sikuwa na hamu ya kujua.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote. Nyumba iko vilevile ulivyoiacha. Ukipata likizo njoo, kitanda chako kimetandikwa.

Mimi mama yako


Mei 18

Shikamoo mama,

Mimi mzima wa mwili. Barua yako imenifika jana mchana, nikaisoma kwenye chumba cha pasi, nikaunguza shati la mgeni. Wamenigombeza, wamenisamehe.

Umeizima? Mama, wewe umewahi kumzima Bwana Kikohozi? Wiki tuliyomzika baba tulimtazama, mimi na wewe chini ya shuka moja, kwa sababu hatukujua tufanye nini kingine. Nimesoma mstari ule nikaogopa kweli.

Acha niseme ukweli, ingawa unaniaibisha. Nilikaa kimya nikijidanganya kwamba namtetea baba. Uongo mtupu. Baba wala hakuwa anampenda Bwana Kikohozi, alikuwa akilala kabla maiti haijapatikana. Nilichokuwa nakilinda ni changu. Nilidhani kubishana na wewe siku ya Ijumaa ni kazi yangu peke yangu, hata nikiwa mbali, hata ukibaki unauambia ukuta. Niliona wivu, mama. Mtu mzima, ndevu zote hizi, naona wivu kwa sababu kuna mtu anamchekesha mama yangu.

Hapa nasi tuna televisheni kwenye chumba cha mapumziko. Ijumaa ile nami nilitazama ya vinanda. Alipotajwa mwizi nikageuka kushoto kukata rufaa. Wenzangu walikuwa wanacheza karata. Nikajua unavyoishi.

Sasa nisikilize, na usijifanye huoni vizuri. Mwambie ndiyo. Mwambie leo, usingoje ajue kwa watu. Kama ameshaudhika mtafute, kama amehama fuata njia. Na kile kiti akikalie jamani, mgongo wa mtu mzima si wa kigoda.

Nakupenda sana, mama. Nisamehe kwa kimya.

Mwanao


Mei 27

Mwanangu mpendwa, roho yangu,

Hujambo? Mimi sijui niseme ni mzima au ni nini, tangu barua yako ifike sijatulia mahali pamoja. Nimeshona kola mbili kwenye shati moja.

Sikungoja hata nivue gauni la kazi. Nilikwenda kibandani kwake na sentimita ya kupimia nguo shingoni, pini zimejaa kifuani. Alikuwa na mteja, anamchongea ufunguo, mashine inapiga kelele. Nikasema, "Fundi, jibu ni ndiyo." Hakusikia. Nikasema tena kwa sauti. Ufunguo ukachongeka mpaka ukawa kijiti. Mteja akasema, "Mama, mimi nitarudi kesho," akanipa mkono wa pongezi, akafunga mlango wa kibanda alipokuwa anatoka. Basi tukabaki tunatazamana, watu wazima na akili zetu. Akalia yeye kwanza.

Tutafunga ndoa ukiwepo, haiwezekani bila wewe. Panga siku wewe.

Lipo jambo moja. Ana hofu, na anajitahidi kunificha. Anajiuliza utamwitaje. Juzi alisema, "Akiniita Fundi inatosha kabisa." Alilisema haraka haraka, akageukia kazi yake. Ndiyo maana najua haimtoshi. Mimi nimemwambia hilo si la kuniuliza mimi, ni lako na lake. Sikulazimishi neno lolote, mwanangu. Nimekuambia tu ili ulijue.

Mimi mama yako, mwenye furaha


Juni 4

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo, wewe na mama. Mimi ni mzima. Hatujaonana bado, ila dole gumba lako nalifahamu vizuri.

Likizo nimepewa, nakuja mwisho wa mwezi. Nasikia kuna kitu kinakusumbua kuhusu mimi. Kisikusumbue.

Mwanao