Mabaya ya Nyumba Isiyojengwa

Jumatatu, 8 Mei

Leo tumeanza kozi kanisani. Bwana Kapasa katoka Lusaka, viatu vimechongoka kama mdomo wa kunguru. Anatufundisha sisi kamati, wanawake tisa, kusimamia mradi: nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao pale kliniki. Tukifaulu, Alhamisi anasaini, saruji inakuja. Tukifeli, inakwenda kwa wale wa ng'ambo ya mto. Mungu apishe mbali!

Mimi nilifuata wali na kuku, sisemi uongo. Lakini pia nina binti yangu Choolwe, tumbo hilo! Na kliniki kilomita kumi na nne.

Somo la kwanza: mradi una mwanzo na una mwisho. Nikamnong'oneza jirani, basi uenyekiti wa Mama Mweemba si mradi. Kacheka mpaka katolewa nje.

Jumanne, 9 Mei

Bwana Kapasa kasema tuorodheshe mabaya yanayoweza kuupata mradi. Nani atataja baya juu ya nyumba isiyojengwa? Si ndiyo kuliita hilo?

Mama Mweemba kasimama: "Hakuna baya lolote, kwa jina la Yesu."

"Mama, karatasi tupu, saruji hakuna."

Nikanyoosha mkono. Si wengine wanaogopa? Mimi habari za watu ninazo tangu zamani, nilikosa karatasi tu.

Jumatano, 10 Mei

Ishirini na tatu! Moja: saruji kwenda kulala kwa Mama Mweemba, maana bafu lake limesimama nusu tangu mradi wa choo cha shule. Mbili: fundi Hamoonga kulewa na kuanguka. Tatu, mume wa mweka hazina na yule mjane — hiyo Bwana Kapasa kaifuta. Ila kanisifu! Eti nimezaliwa meneja. Kabandika ukutani. Akasema kila baya lipewe dawa yake na mlinzi, na saruji akampa nani? Mama Mweemba! Niling'ata shuka la kiunoni nisicheke.

Jioni, balaa. Hamoonga kaanguka kutoka juu ya paa la watu, mguu umevunjika. Na hajanywa! Siku moja tu ya maisha yake hajanywa.

Mama Mweemba kasimama mlangoni kwangu: "Mchawi wa karatasi wewe! Umemwandika, kaanguka!"

Alhamisi, 11 Mei

Nilikwenda kanisani nimejifunika uso. Bwana Kapasa wala hakushtuka. Kauliza, fundi akianguka orodha inasemaje? Inasema aitwe mdogo wake. Basi aitwe. Kaja, katazama ramani ya nyumba, kasema wiki nane.

Weee! Watu wakapanga foleni kwangu, niandikie hili, niandikie lile. Mmoja kataka nimwandike mama mkwe wake!

Halafu Bwana Kapasa katoa muhuri. Kasema limebaki moja, kubwa kuliko yote, bila hilo hasaini: mjamzito kushikwa na uchungu kabla nyumba haijaisha.

Wote wakanigeukia. Wiki nane. Choolwe amebakiza sita.

Mama Mweemba hata hakupaza sauti. "Andika, Mama Choolwe. Ya kwetu uliandika."

Nikasema kalamu imeisha wino. Haijaisha, ndiyo hii. Wametoka nje kunywa chibwantu, togwa letu la mahindi, wananisubiri. Nimeandika namba tu. Ishirini na nne.

Choolwe kachungulia, mkono kiunoni. "Mama, bado tu?"