Mlango wa Mama Yako na Faili Lililoshikwa

Chumba cha nyuma,
Karakanani kwa baba yako.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Rula,

Pokea salamu kabla hujaanza kununa. Kifua kimepona? Mimi mzima, ila meno yamebaki matatu, nayo hayapatani. Mguu wa mama yako bado hauna nguvu, lakini ulimi hauna kasoro. Baba yako ni shahidi.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ule mchoro wa mlango mpya wa mama yako uliouweka mtandaoni, kila ukitaka kuandika vipimo unaambiwa faili linatumiwa na mwingine. Eti baba yako kakufungia kwa kinyongo, kwa kuwa uliacha randa na useremala wake ukaenda kuchora majumba ya watu, na wewe umenawa mikono. Usinawe, mwanangu. Kile kiti cha magurudumu ulichotuma hakipiti mlangoni. Mama yako tunambeba kama kabati, naye anaona haya.

Nikamwita binti fundi wa kompyuta. Anasema faili halikai kwetu wala kwako, liko huko mtandaoni, na anayelifungua ili aandike hulishika peke yake mpaka alifunge, msije mkafutiana. Nikamwambia basi ni choo cha wapangaji: mmoja katia komeo, wengine mnabana miguu nje. Akasema ndivyo, babu.

Sasa baba yako yumo humo wiki nzima. Nilipombana alijifanya anatafuta misumari. Mwishowe akasema, "Nikifunga, si maandishi ya mtoto yatafutika?"

Hicho ndicho kinyongo chake. Kompyuta kaifunika shuka lake zuri isiingie vumbi la mbao. Mimi kaka yake hajawahi kunifunika hata gazeti.

Jana binti akamshika mkono, wakalifunga. Baba yako alifumba macho. Walipolifungua tena, yote yalikuwepo, hata pale ulipokosea. Akasema tu, "Kumbe yapo," akatoka nje kupenga kamasi. Binti akalifunga.

Ingia basi, uandike upana. Mimi nilimpimia baba yako kiti kwa kamba, akaitupa; anataka kipimo chako. Mbao keshazichagua. Tangu asubuhi amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, hagusi kitu.

Msalimie mkeo, na shangazi yako mpenda ugomvi. Mungu akulinde, akupe na moyo mwepesi.

Akupendaye hata ukinuna,
Baba Mkubwa