Mlango Mpana wa Yona

Jumamosi, 5 Julai
Leo tena vumbi. Mume wangu Elia anabomoa upande mmoja wa mlango wa chumba cha Yona, mimi na binti yetu Neema tunazoa tofali zilizovunjika na kuzitupa nyuma ya choo. Mlango wa zamani mwembamba, kiti cha magurudumu hakipiti. Yona, mwanetu wa kwanza, hatembei tena tangu lori limgonge na pikipiki yake barabara ya Mwandiga. Yuko Mwanza kwa shangazi yake Debora, karibu na hospitali. Akirudi akute mlango mpana. Hilo tumekubaliana mimi na mume wangu. Jingine hatujakubaliana.

Pikipiki aliinunua Elia. Mimi nilikataa. Hatulisemi. Hatusemi chochote.

Jumapili, 6 Julai
Kanisani wananishika mikono. "Pole mama Yona, Mungu yupo." Kisha wanaulizana bei ya dagaa. Siwalaumu. Nimerudi peke yangu kwa njia ya ziwani. Nikamkuta Elia keshavua suti, anapima ukuta kwa kamba.

Jumanne, 8 Julai
Sikwenda Mwanga kushona. Cherehani nimeifunika, wateja wasubiri. Nimechekecha mchanga hadi kiuno kikagoma. Elia anachanganya saruji, mimi niko pale pale. Akitaka chepe anamwambia binti yetu, "Neema, mwambie mama yako alete chepe."

Afadhali ningekuwa mjane. Nisingetegemea kuongeleshwa.

Alhamisi, 10 Julai
Ukuta umeshuka. Elia alitoa lenta, boriti ya juu ya mlango, kabla ya kuweka miti ya kushikilia, tofali za juu zote zikaja. Moja imempiga begani. Nilikimbia, nikamkuta amekaa chini, mweupe kwa vumbi. Nilitaka kumfuta uso. Nikamrushia kanga, nikatoka. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Julai
Yona kapiga simu. Kwa Neema, si kwangu. Harudi. Atabaki Mwanza, atajifunza kutengeneza simu. "Waambie wasijisumbue na chumba. Sitaki watu wa huko kwetu Bangwe waje kunitazama." Neema alinisimulia huku analia.

Nimekaa humo chumbani juu ya mfuko wa saruji mpaka giza likaingia. Hakuna aliyenitafuta.

Jumapili, 13 Julai
Elia hakwenda kanisani. Anajenga. Nikamfokea, majirani wakisikia.

"Unamjengea nani? Hujasikia alichosema?"

"Namjengea mwanangu."

"Ungemjengea kabla hujamnunulia kilema."

Aliweka mwiko chini taratibu, akaenda kunawa mikono. Nilitaka anijibu. Nilitaka hata anitukane.

Jumatatu, 14 Julai
Elia kapanda basi la Mwanza. Hakuniaga. Neema ndiye kaniambia: baba kaenda kuongea na Yona.

Jumatano, 16 Julai
Neema yuko shule. Nyumba kimya. Nimepiga plasta mwenyewe, imetoka mawimbi mawimbi, fundi angecheka. Nimemwaga zege la mteremko mbele ya mlango na kulisawazisha kwa ubao. Nimekula ugali wa jana, nimesimama.

Nimelala upande wa Elia wa kitanda. Nauandika ukweli, hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 18 Julai
Mzee Rashidi, jirani, ameniazima kiti cha marehemu mkewe nijaribu mteremko. Nikakaa, Neema akasukuma. Tumepita mlangoni bila kugusa. Lakini ndani, nikiwa nimekaa, swichi ya taa siifikii. Dirishani naona mbingu tu. Ziwa lote liko pale chini na mtu aliyekaa halioni.

Ningekuwa Yona, ningekaa humo miaka mingi naangalia mbingu. Nilipata hasira nikachukua nyundo.

Jumamosi, 19 Julai
Nimebomoa chini ya dirisha. Viganja vina malengelenge. Neema amepanga tofali za kingo, kanizidi kunyoosha. Sasa ukikaa unaona maji, na mitumbwi iliyoanikwa nyavu.

Elia katuma ujumbe: "Tunaongea." Nikamjibu: "Dirisha nimelishusha."

Jumatatu, 21 Julai
Wamekuja. Wote wawili.

Majirani walianza kusogea, nikawaambia waje kesho. Yona amekonda, mabega yamekuwa makubwa. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba. Elia alitaka kumsukuma, Yona akakataa. Kapanda mteremko kwa mikono yake, kaingia, kafunga mlango. Chakula hakugusa.

Tumebaki ukumbini mimi na Elia. Nikamwambia pole na safari. Akasema asante. Nikamuuliza bega. Akasema linauma bado.

Nikalikanda kwa maji ya moto.

Jumanne, 22 Julai
Asubuhi tulivu, hakuna upepo. Nilikuwa nafagia uwanja, Yona akaita kutoka ndani.

"Mama! Kiti hakigeuki hapa. Kitanda kimekaa vibaya."

Nikaingia. Elia naye akaja, kanawa uso nusu. Akashika upande wa kichwani, mimi miguuni. Yona anaelekeza kwa kidole. Kushoto kidogo. Zaidi. Rudisheni.

"Hapo," akasema.

Tukaacha hapo. Akageuza kiti, kikageuka chote. Akasema anataka chai.