Majibu ya Maabara

Kibosho, 10 Februari 2008

Mwanangu Priska,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mguu wa baba yako haujatulia. Tangu uache chuo cha uuguzi ukasomee kompyuta, hujaja nyumbani. Najua maneno aliyokuambia siku ulipoacha yalikuuma. Lakini juzi, tukitoka kanisani, aliniuliza, "Hivi Priska anafanya kazi gani hasa?" Niandikie, nitamsomea.

Mama yako,
Yuditha

Dar es Salaam, 19 Februari 2008

Shikamoo mama. Mfikishie na baba shikamoo yangu. Mguu wake amewaonyesha madaktari?

Natengeneza programu ya hospitali. Wodi zinaomba majibu ya damu maabara kwa kompyuta. Mtandao ukikatika, ombi linapotea. Ukirudi, wodi zote zinaomba kwa mpigo na kompyuta ya maabara inazimika. Wiki iliyopita mama mjamzito alisubiri majibu mpaka nikaogopa.

Nimeandika alama mbili fupi, tunaziita anotesheni, juu ya kile kipande cha programu kinachoomba majibu. Ya kwanza inasema: ukishindwa, pumzika kidogo, jaribu tena, mwisho mara tatu. Ya pili: maombi yasizidi matano kwa wakati mmoja, mengine yasubiri. Bosi wangu, Thadeus, anaziita mapambo. Zikishindwa, sina kazi. Nitarudije kwa baba hivyo?

Mwanao,
Priska

Kibosho, 2 Machi 2008

Mwanangu,

Pole na kazi. Nilimsomea baba yako. Akasema, "Kumbe bado yuko na wagonjwa." Akaniomba nisome tena pale pa yule mjamzito. Amepona?

Kazi iwepo isiwepo, Pasaka uje. Mtori nitaupika mimi.

Mama yako,
Yuditha

Dar es Salaam, 12 Machi 2008

Shikamoo mama,

Amejifungua salama, mtoto wa kike. Mwambie baba.

Alhamisi mtandao ulikatika asubuhi nzima. Majibu yalichelewa, lakini yote yalifika, na maabara haikuzimika. Thadeus akasema, "Hayo mapambo yaweke na kwenye maombi ya dawa." Nikakataa. Jibu la damu likiombwa mara mbili halina madhara. Dawa ikitolewa mara mbili inaweza kuua. Kwanza programu ijifunze kutambua ombi lililokwisha kupokelewa. Akasema, "Basi chukua muda wako." Nikamwambia muda wa kwanza ni wa nyumbani.

Nafika Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Msije kunipokea stendi. Nataka nibishe hodi mwenyewe, na baba ndiye afungue.

Mwanenu,
Priska