Ini Langu Lenye Seti Nane

Kwako Celestine, mwana wa dada yangu, huko Remba,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye kukohoa, hakuna ng'ombe anayeuzwa soko la Ogwedhi. Mvua imenyesha, mama yako ni mzima, na mimi nimekuwa ajabu ya sayansi.

Kule hospitali ya Homa Bay walinidunga sindano ubavuni, wakatoa kipande cha ini wakapime. Majibu yalipotoka, daktari, msichana wa rika lako, alinilaza kitandani akasema, "Mzee Nashon, seli nyingi za mwili hubeba seti mbili za kromosomu. Za ini lako, nyingi zina nne, zingine nane."

Nikamwambia, "Daktari, mimi tangu zamani nabeba mizigo ya watu wanne!"

Akacheka. "Hata mwenye afya huwa nazo kiasi, baba. Zako zimezidi. Pombe imeliumiza ini, limechoka kujitengeneza, na sasa linakuwa gumu."

Basi acha kunitumia maombi kwa simu. Hapa sokoni wakiniambia niache chang'aa, nawauliza, "Nyinyi mna seti ngapi?" Wanarudi kwa ng'ombe wao. Siogopi mtu.

Ila nimepeleka ng'ombe kichinjioni miaka mingi, Celestine, na ini gumu hutupwa shimoni. Daktari alipogeuka kuandika dawa, nilitoka mbio pekupeku. Viatu vyangu vya kanisani viko chini ya kitanda chake.

Njoo unisindikize nikavichukue. Na ukae mlangoni, nisitoroke tena.

Ni mimi mjomba wako,
Nashon