Funguo Wakae Nazo

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Mgongo je, bado unakusumbua na hayo mashuka ya hospitali unayofua? Mimi mzima, ni macho tu yanagoma kutunga uzi kwenye sindano.

Nyumba yetu imekwisha kujengwa, nimeingia hadi jikoni. Ila kampuni iliyotuuzia inasema bei tuliyomaliza kulipa ni ya nyumba tu. Bado ada ya wakili wao na ushuru wa kuandikisha hati. Nikamwuliza binti wa ofisini, mimi nikishona gauni, vifungo namdai mteja siku ya kuja kulichukua? Akacheka, akanipa karatasi nyingine.

Mama yako

21 Machi

Shikamoo mama,

Mgongo haujambo. Pesa ya wakili na ya hati nimetuma. Mwambie binti huyo huku hela haziokotwi. Desemba nakuja tufungue mlango pamoja, miaka mitano inatosha. Nauli nimeanza kuiweka.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Nisamehe salamu zikiwa fupi, nina hasira. Sasa wanataka ada ya kuunganisha maji na umeme. Nikasema, kwani mmeniuzia nyumba au kuta? Halafu kuna ada ya ulinzi na usafi, miezi sita mbele, na sijalala humo hata siku moja. Bila hiyo hawatoi funguo. Naona aibu kukuomba tena.

Mama yako

30 Juni

Shikamoo mama,

Aibu waone wao. Na mimi pia nina kosa, nilisoma bei nikasaini mkataba, kurasa za nyuma sikuzigusa. Wajinga ndio waliwao. Nimetuma zote. Chukua funguo, utoke kwenye chumba hicho kinachovuja. Kuja kwangu tutaona, labda mwakani.

Mwanao

14 Julai

Mwanangu,

U mzima? Hiyo "labda mwakani" nimeisoma mara nne, nikaelewa ni pesa gani umenitumia.

Leo nimekwenda ofisini kwao, nikapanga foleni, nikafika dirishani, nikageuka. Pesa yote nimekurudishia. Kata tiketi. Funguo wakae nazo. Wakitoza faini ya kuchelewa, watoze, si ndiyo kazi yao. Kuvujiwa nimeshazoea. Sura yako ndiyo nimeanza kuisahau, mwanangu, na hilo sitaki kulizoea.

Mama yako